Dalili kwamba huduma ya urembo wa ngozi ni hatari kwa mteja

Huduma za kurembesha ngozi zimeenea katika miji yetu. Kuna usafishaji wa uso kwa mvuke, uchubuaji kwa asidi, uondoaji wa nywele kwa mwanga wa leza, krimu za kung'arisha na hata sindano. Mara nyingi mteja huulizwa kiasi cha fedha alicho nacho kabla ya kuulizwa dawa anazotumia. Hapo ndipo madhara mengi huanzia, kwa maana huduma inayomfaa mtu mmoja huweza kumwunguza mwingine aliyeketi kiti cha pili.

Mrembeshaji aliyehitimu huanza kwa maswali. Je, mteja ni mjamzito au ananyonyesha? Ana kisukari? Makovu yake huvimba na kuota kupita mipaka ya jeraha? Ametumia krimu gani katika miezi iliyopita? Amewahi kudhurika kwa kipodozi? Mteja naye hana budi kujibu kwa ukweli. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na anayeficha kwamba amekuwa akijichubua hujiweka hatarini yeye mwenyewe.

Yapo majibu yanayotosha kuahirisha huduma. Mtu anayemeza vidonge vya isotretinoini kutibu chunusi ana ngozi kavu na dhaifu, na kwa desturi wataalamu husubiri miezi 6 baada ya dawa hiyo kabla ya kumchubua kwa kina. Anayepaka krimu za retinoidi hutakiwa kuziacha siku kadhaa kabla ya kuchubuliwa kwa asidi. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa huchelewa kupona na huambukizwa kwa urahisi. Mjamzito aepushwe na retinoidi, haidrokwinoni na asidi kali. Mwenye makovu yanayoota ashauriwe na daktari kabla ya jambo lolote litakalojeruhi ngozi.

Baada ya maswali, jicho na mkono huthibitisha. Vidonda wazi, usaha, upele unaowasha, ngozi iliyoungua kwa jua na malengelenge ya homa pembezoni mwa midomo ni dalili za kusitisha. Malengelenge hayo husababishwa na virusi, na uchubuaji huweza kuvisambaza usoni kote. Aidha, doa au baka linalobadilika rangi, kukua au kutoka damu halipaswi kuguswa na mrembeshaji. Hilo ni la daktari.

Ngozi iliyotumia krimu za steroidi kwa muda mrefu hujitambulisha. Huwa nyembamba na yenye kung'aa, mishipa midogo ya damu huonekana, vinyweleo huota usoni na michirizi hutokea mapajani au mikononi. Mara nyingine uso huwa mweupe ilhali vifundo vya vidole vimebaki vyeusi. Kuichubua ngozi ya namna hii ni kuchana kitambaa kilichokwisha kuchakaa. Hata hivyo, mtu aliyepaka steroidi kwa miaka asiziache ghafla, kwa kuwa ngozi huweza kufura na kuwaka. Amwone daktari ampunguzie hatua kwa hatua.

Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa kwa miaka mingi, huweza kuleta mabaka ya buluu na nyeusi kwenye mashavu na kuzunguka macho. Wengi huyadhani kuwa madoa ya kawaida, wakaongeza krimu ileile, nayo mabaka yakazidi. Mteja mwenye dalili hii hahitaji kung'arishwa tena, bali kupelekwa kwa mtaalamu wa magonjwa ya ngozi.

Hatari kubwa zaidi ni zebaki, kwa kuwa hupenya ngozi na kufika kwenye figo. Jambo hili lilidhihirika hapa kwetu. Mnamo 1972, madaktari jijini Nairobi walieleza katika jarida la British Medical Journal kwamba wagonjwa wengi wa figo waliowachunguza walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha zenye zebaki. Sumu hiyo hutoa pia mvuke, hivyo huweza kumdhuru mtoto anayelala karibu na mtumiaji, na hupita kutoka kwa mama hadi kwa mimba. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka wa 2013, unazitaka nchi wanachama kuondoa vipodozi vyenye zebaki.

Kwa sababu hiyo, kagua chupa kabla ya kuruhusu ipakwe. Krimu isiyo na orodha ya viungo, iliyokorogwa saluni au iliyohamishiwa katika kopo lisilo na jina ikataliwe. Maneno calomel, mercuric, mercurous na mercurio yanamaanisha zebaki. Hali kadhalika, onyo kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha au alumini ni ishara kwamba huenda ina zebaki. Nchini Kenya, Shirika la Kukagua Ubora wa Bidhaa (KEBS) limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni.

Ngozi nyeusi ina jambo lake. Ikichokozwa, huzalisha melanini kwa wingi na kuacha madoa yanayoweza kudumu kwa miezi. Mwanga wa leza unaolenga weusi wa nywele huweza kunaswa na weusi wa ngozi yenyewe, ikaungua. Kwa hiyo muulize mhudumu ikiwa mashine yake inafaa ngozi nyeusi. Leza ya Nd:YAG yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 1064 ndiyo huchukuliwa kuwa salama zaidi kwetu. Asiyeweza kulijibu swali hilo asikuguse.

Kuhusu sindano, kanuni ni moja: zidungwe na mhudumu wa afya aliyesajiliwa, kwa sindano mpya iliyofunguliwa mbele ya mteja. Mwaka wa 2024, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, CDC, ilitoa ripoti kuhusu wanawake walioambukizwa virusi vya ukimwi baada ya kudungwa usoni kwa damu yao wenyewe katika kituo cha urembo kisicho na leseni jimboni New Mexico. Nchini mwetu, usajili wa daktari huthibitishwa na Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno (KMPDC).

Kipodozi kipya kijaribiwe kwanza. Kiasi kidogo hupakwa nyuma ya sikio au upande wa ndani wa mkono, kikaangaliwa kwa saa 24 hadi 48. Kukitokea wekundu, mwasho au uvimbe, kisitumike. Mhudumu anayesema hana muda wa jaribio hilo amejibu swali la usalama.

Huduma ikiwa imeanza, mchomo mwepesi unaopungua si ajabu. Lakini mchomo unaozidi, malengelenge, au ngozi kugeuka kijivu au nyeupe bila kutarajiwa ni sababu ya kusimamisha mara moja na kuosha kwa maji safi yanayotiririka, kwa angalau dakika 20. Jeraha lisipakwe dawa ya meno, samli wala mafuta. Midomo au macho yakivimba, pumzi ikibana, au homa na usaha vikifuata, mteja apelekwe hospitalini akiwa na chupa ya kipodozi ili daktari ajue kilichotumika.

Mteja ana haki ya kuinuka kitini wakati wowote, hata baada ya kulipa. Mrembeshaji naye hapungukiwi heshima anapomwambia mteja kwamba ngozi yake leo haistahimili huduma aliyoijia. Fedha iliyolipwa huweza kutafutwa tena, lakini figo iliyoharibika haiuzwi dukani.