Fomu ya Kuwasili: Mbona Boda Wanataka Kujua Unaenda Kufanya Nini

Wasee wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, hii ni yenu kwanza. Kwenu, nchi ya watu haihitaji ndege. Unadandia mathree hapo Voi, unapita Mwatate na Maktau, unakatisha Tsavo Magharibi, unashuka Taveta. Mbele kidogo ni Holili, na Holili ni Tanzania. Shida ni kwamba wengi wanachukulia hiyo safari kama kuenda Mombasa kusalimia shangazi. Wakipewa fomu kwa dirisha, wanaijaza haraka haraka kama kuponi ya kushinda simu. Hapo ndio ngori huanzia.

Kwani hii fomu ni ya nini?

Fomu ya kuwasili ni karatasi, ama siku hizi ukurasa wa onlaini, yenye unaambia nchi unayoingia wewe ni nani. Jina, tarehe ya kuzaliwa, uraia, nambari ya pasipoti, utalala wapi, utakaa siku ngapi, na umekuja kufanya nini. Mwisho unatia sahihi.

Usiichanganye na viza. Viza ni ruhusa. Hata ile eTA ya Kenya, iliyoanza Januari 2024, ni ruhusa mgeni anaomba kabla hajasafiri. Fomu ya kuwasili ni maelezo yako ukiwa mlangoni. Mkenya haitaji viza kuingia Tanzania kwa sababu nchi zote mbili ziko Jumuiya ya Afrika Mashariki, na itifaki ya soko la pamoja ilianza kazi Julai 2010. Lakini kukosa viza si kukosa masharti. Kitambulisho chako kinakufikisha Uganda na Rwanda. Tanzania haiko kwa huo mpango, so beba pasipoti ama hati ya muda ya kusafiria.

Wanaifanyia nini baadaye?

Kwanza, ni ushahidi. Ukisema siku saba na ukutwe mwezi wa tatu, afisa hatabishana na wewe. Atatoa sahihi yako. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 pia inahesabu maelezo ya uongo kuwa kosa, so mgeni anayeingia kwetu hana tofauti na wewe.

Pili, ni afya. Ugonjwa wa Marburg ulipozuka mkoa wa Kagera, Tanzania, mwaka 2023 na tena 2025, kazi kubwa ilikuwa kutafuta watu waliokutana na wagonjwa. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria sababu ya korona, na madereva wa malori wakawa wanapimwa kabla ya kupita. Kama mtu aliyekaa karibu nawe kwa basi amepatikana na ugonjwa, ile anwani uliandika ndio itafanya mtu akupigie simu. Ukiandika "Moshi" peke yake, watakutafuta wapi?

Tatu, ni hesabu. Serikali inajua wageni wangapi ni watalii, wafanyabiashara ama wa kutembelea jamaa kwa sababu mtu alijaza kisanduku.

Kisanduku chenye kinachoma watu

Ni kile cha sababu ya safari. Msee anaenda kutafuta kibarua, anaandika "matembezi" juu amesikia ndio rahisi. Jumuiya inakupa haki ya kuingia, lakini kazi inataka kibali chake.

Na mambo yamekazwa. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Kwa hiyo listi kuna kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni nyingi, kuongoza watalii, na kununua mazao shambani. Faini inaanzia shilingi milioni 10 za Tanzania, na jela inaweza kufika miezi sita. Sasa fikiria kijana wa Taveta amezoea kuvuka na kununua vitunguu shambani kwa mkulima. Ameandika "matembezi", amekamatwa na magunia. Tayari ana kesi mbili.

Ndio inauma, kwa sababu huu mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na mstari ukapita kati ya Taveta na nchi ya Wachaga. Soko na jamaa walikuwa hapo kitambo. Lakini afisa anasoma fomu, hasomi historia.

Pale Taveta inaendaje?

Tangu 2016 Taveta na Holili ni kituo cha pamoja. Ukiwa unaenda Tanzania, unasimama mara moja tu, upande wa Holili. Mkenya anakugongea muhuri wa kutoka, Mtanzania anakugongea wa kuingia, jengo moja. Ukirudi, yote inafanyika Taveta. Kama umebeba bidhaa za chini ya dola 2,000 na ziko kwa listi ya Jumuiya, uliza forodha cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Hiyo ni fomu nyingine, usiitupe.

Kwingine, karatasi inakufa. Uingereza iliacha kadi za kuwasili 2019. Singapore na Thailand zinataka ujaze onlaini siku tatu kabla ya kufika, na ni bure. Tovuti ikikuitisha doh kwa hizo mbili, hiyo si ya serikali. Toroka.

Kabla utie sahihi:

- Jina liwe vile liko kwa pasipoti, si lile la Instagram.
- Andika mtaa na nambari ya simu ya mwenyeji wako.
- Siku ziwe za ukweli. Ongeza mbili kama hauna uhakika.
- Kama unaenda biashara, sema biashara, na uliza kama inaruhusiwa kabla uvuke.
- Angalia tarehe kwa muhuri kabla utoke kwa dirisha. Ikikosewa, irekebishwe hapo hapo.
- Usimwachie dalali akujazie. Yeye atarudi stage, sahihi itabaki yako.