Akheri: ardhi iliyokwenda kwa bunduki, kwa karatasi na kwa mikono yetu

Jumamosi ijayo nimeitwa nyumbani Akheri. Kaka yangu mkubwa alinipigia simu juzi usiku, akanijulia hali, akaniulizia watoto, kisha akasema: "Mdogo wangu, njoo tumalize lile jambo la shamba la chini. Mnunuzi yupo tayari na fedha anazo." Nikamjibu kwamba nimesikia, nitakuja. Tangu siku hiyo usingizi umekuwa wa shida, na ndiyo maana leo naomba mniruhusu nizungumzie kijiji changu na nchi inayokizunguka. Haya ni mambo ya historia, lakini ni historia ambayo Jumamosi itanikalisha kitini na kuniuliza jibu.

Kwa wale ambao hawajafika kwetu, ukitoka mjini Arusha kwa barabara ya Moshi utafika Tengeru, penye soko kubwa la Jumatano na Jumamosi, ambako akina mama wa Meru, Uchagani na Umasaini hukutana kuuza ndizi, nyanya, maharage na maziwa. Hapo ukigeuka kushoto ukaanza kupanda, unaingia Akheri. Mbele yako ni Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya meta 4,500, ambao majivu yake ya volkeno ya zamani ndiyo yaliyotupa udongo mweusi unaoweza kuotesha hata fimbo. Maji hushuka kutoka msituni kwa mito midogo na kwa mifereji iliyochimbwa na wazee wetu kwa majembe, ikalindwa kwa zamu na kwa faini.

Katika nchi hiyo mtu hakuishi kijijini kwa maana ya nyumba zilizopangana. Aliishi katika kihamba chake: nyumba katikati, migomba kuizunguka, kahawa chini ya migomba, ng'ombe bandani, na makaburi ya wazee wake pembeni. Kihamba kilikuwa ndiyo ghala, ndiyo benki, na ndiyo kitambulisho cha mtu. Ukiulizwa wewe ni nani, unataja ukoo wako, iwe Kaaya, Mbise, Pallangyo, Nnko, Nassari au Akyoo, na kihamba cha baba yako.

Wazee husimulia kwamba Wameru, ambao wenyewe hujiita Varwa, walitoka Usambara karne nyingi zilizopita, wakafyeka msitu upande wa kusini mashariki wa mlima. Waarusha, wasemao lugha ya Kimaa, walikuja baadaye, katika karne ya 19, wakakaa upande wa magharibi. Majirani hawa walipigana, wakaibiana ng'ombe, wakaoana, na hatimaye vijana wa Kimeru wakaingia katika marika pamoja na vijana wa Kiarusha. Nchi ilikuwa bado kubwa. Aliyekosa kihamba alipanda juu akafyeka msitu, au alishuka tambarare.

Mambo yalibadilika mwezi Oktoba mwaka 1896, na yalibadilikia Akheri. Wamisionari wawili vijana wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika kutoka Uchagani wakitafuta mahali pa kufungua kituo cha Injili. Mahema yao waliyapiga Akheri. Lakini hawakuja peke yao. Kapteni Johannes, afisa wa jeshi la Kijerumani kutoka Moshi, naye alikuwa amepiga kambi si mbali nao akiwa na askari wake. Mtu wa kijijini aliyeona msafara ule angewezaje kujua ni nani amekuja na Biblia na ni nani amekuja na bunduki? Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba, wapiganaji wa Kiarusha na Kimeru waliivamia kambi ya wamisionari, wakawaua wote wawili pamoja na Wachagga waliokuwa wamefuatana nao. Kisha wakaishambulia kambi ya Johannes, nako bunduki zikawashinda.

Kanisa linawakumbuka Ovir na Segebrock kama mashahidi wa imani, na sina ugomvi na hilo. Walikuwa vijana waliokufa mbali na mama zao. Wale Wachagga nao walikuwa na mama zao, ingawa majina yao hayatajwi sana. Lakini historia ya kijiji chetu haiishii usiku ule. Johannes alirudi na askari wake pamoja na wapiganaji wengi wa Kichagga, na wakati huo hawakutafuta waliofanya kosa. Waliiadhibu nchi nzima. Nyumba zilichomwa, ng'ombe walichukuliwa kwa maelfu, migomba ilifyekwa. Msikilizaji, ng'ombe akichukuliwa unaweza kungoja ndama. Mgomba ukifyekwa, mwaka huo watoto hawali.

Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi, Wajerumani waliwanyonga viongozi 19 kwa mara moja. Miongoni mwao alikuwamo Mangi Meli wa Moshi, na alikuwamo pia Lobulu, Mangi wa Wameru. Wakati huohuo watu wa mlima wetu walikuwa wakilazimishwa kujenga boma la Arusha, lile ambalo leo watalii huingia kutazama makumbusho. Mwaka 1902 Misheni ya Leipzig ilirudi, ikajenga Nkoaranga, jirani na Akheri. Hapo pakatokea shule, hospitali na miche ya kahawa. Watoto wa wale waliochomewa nyumba wakajifunza kusoma na kuandika, na tutaona hivi punde kalamu ile ilitumika kwa kazi gani.

Baada ya bunduki ilikuja karatasi. Serikali ya Kijerumani ilianza kugawa ardhi ya chini ya mlima kwa walowezi: Wajerumani wenyewe, Makaburu waliotoka Afrika Kusini, na wengine. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza waliyanyang'anya mashamba ya Wajerumani, lakini hawakuyarudisha kwa wenyewe. Waliyauza kwa walowezi wapya, wakiwamo Wagiriki. Matokeo yake mlima ulizungushiwa mkanda wa mashamba ya wageni. Juu kulikuwa na msitu wa hifadhi wa serikali, chini kulikuwa na katani na kahawa ya mlowezi, na Mmeru alikuwa katikati, na watoto wake wakiongezeka. Ng'ombe wakitaka kwenda kwenye magadi ya tambarare sharti wapite kwenye shamba la mtu.

Hata wakimbizi walipata nafasi kwetu. Kuanzia mwaka 1942 walifika Tengeru Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamepelekwa kwa nguvu nchini Urusi na kisha kupitia Uajemi hadi Afrika. Walijenga vijumba, shule na kanisa karibu na ziwa Duluti. Walio wengi waliondoka baada ya vita, lakini makaburi kama 150 yapo hadi leo, yanatunzwa. Nilipokuwa mtoto tulipita pale tukiogopa kunyoosha kidole. Sasa naona yananifundisha jambo moja: watu wale walijua maana ya kuamshwa usiku na kuambiwa ondoka, hapa si kwako.

Maneno hayohayo yaliwafikia Wameru mwezi Novemba 1951. Tume iliyoongozwa na Jaji Wilson ilikuwa imependekeza kwamba eneo la Engare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, litengwe kwa ajili ya mashamba ya mifugo ya Wazungu, na Wameru wahamishiwe Kingori. Watu karibu 3,000 waliondolewa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na wengi walikataa kupokea fidia kwa sababu kupokea ni kukubali. Waliofanya hivyo hawakuwa wakorofi. Walikuwa wakulima waliokuwa wakilipa kodi.

Hapo ndipo kalamu ya Nkoaranga ilipotoa jibu. Wameru walichangishana fedha, wakaunda umoja wao, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwezi Julai Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza kesi ya watu wake. Jambo hilo lilifika hadi Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambako azimio la kutaka ardhi irudishwe lilikosa theluthi mbili za kura. Kwa hesabu za kura tulishindwa. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka nchini kueleza aliyoyaona, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954, na Mwalimu Nyerere alipokwenda New York mwaka 1955, njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mtu wa Meru. Leo Ngarenanyuki ni nchi ya wakulima weusi wa nyanya na vitunguu, na watoto wao wengi hawajui kwamba babu zao waliwahi kufukuzwa hapo.

Sasa nirudi Akheri, na nirudi kwa yale yaliyonikosesha usingizi.

Baba yetu alirithi ekari tatu. Kahawa yake ilitusomesha, mpaka mwaka 1989 mkataba wa kahawa wa dunia ulipovunjika na bei zikaanguka. Kuna msimu nilimwona baba amesimama shambani na panga mkononi, anautazama mti wa kahawa kama mtu anayetazama ng'ombe mgonjwa. Hatimaye aliing'oa nusu, akapanda nyanya na majani ya ng'ombe. Alipofariki, kihamba kiligawanywa kwa wana watatu wa kiume. Dada yetu, ambaye ndiye aliyemuuguza baba, hakupewa kitu, na hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwapo. Mimi pia sikuuliza.

Mwaka 2011 niliuza sehemu kubwa ya fungu langu. Nilitaka kumalizia nyumba mjini. Mnunuzi alikuwa mtu mwema, alilipa yote, alijenga ukuta mrefu na geti la chuma. Sikuibiwa wala sikulazimishwa na mtu. Niliweka sahihi mbele ya mashahidi, nikahesabu fedha, nikapanda gari. Ninayoyasema leo, kwa hiyo, siyasemi kama mwalimu. Nayasema kama mtu aliyekwisha kuuza.

Tangu hapo Arusha imekuwa jiji, na jiji linatembea. Barabara ya njia nne imefika Tengeru. Vyuo vipo, Chuo Kikuu cha Makumira kipo, Taasisi ya Nelson Mandela ipo, na kila mwalimu na kila mwanafunzi anahitaji chumba. Dalali anayajua mashamba ya Akheri kuliko mshili wa ukoo. Kijana akiwa na robo ekari, akiambiwa bei yake, hawezi kuipata bei hiyo kwa kulima nyanya miaka kumi. Siwezi kumlaumu. Mtoto akiugua au karo ikidaiwa, hatuwezi kumwambia auze historia.

Lakini nataka tuhesabu pamoja. Mwaka 1896 ardhi ilianza kututoka kwa bunduki. Baadaye ikatutoka kwa hati zilizoandikwa kwa lugha tusiyoisoma. Mwaka 1951 ilitutoka kwa amri ya tume. Mara zote hizo tulijua adui ni nani, na tuliweza kuchangishana nauli ya kumshitaki. Safari hii sahihi ni zetu wenyewe, kwa hiari, kipande kwa kipande, na kikao cha kuhoji hakijaitishwa. Kirilo alisafiri hadi New York kwa ajili ya ardhi. Mimi nimeshindwa hata kusafiri kutoka mjini hadi Akheri kuuliza swali moja.

Kwa hiyo Jumamosi nitauliza maswali matatu. La kwanza: fedha za shamba la chini zinakwenda kufanya nini, na zikiisha tutakuwa tumebaki na nini? La pili: je, hatuwezi kulikodisha badala ya kuliuza? La tatu ndilo gumu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu. Mbona sisi, ambao tulililia haki yetu duniani, tumemnyima dada yetu haki hiyo hapahapa nyumbani? Fungu dogo lililobaki kwangu, lenye migomba michache na kaburi la baba, nitamwomba kaka aniruhusu liandikwe kwa jina lake, na twende wote ofisi ya kijiji.

Sijui kaka atasema nini. Ni mtu mwenye hasira za haraka na moyo mzuri, na ana mtoto chuoni anayedaiwa ada. Nitakwenda na sukari na majani ya chai, tutakula loshoro kwa dada, kisha tutakaa chini ya mgomba kama alivyopenda baba. Nawe msikilizaji, popote ulipo, Rungwe, Kagera au Lushoto, kama umeitwa nyumbani kuweka sahihi, nenda. Lakini kabla ya kushika kalamu, waulize wazee ardhi hiyo ilibakije mikononi mwenu hadi leo.

Panapo majaliwa, tukutane tena wiki ijayo.