Hodi ya Pili

Katika duka moja la vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo, kijana muuzaji nusura afukuzwe kazi kwa sababu ya programu niliyoiandika mimi. Simu ya dukani ilionesha zimeuzwa doti sita. Fedha iliyokuwepo ilikuwa ya doti tano.

"Mwanangu, huyu ananiibia," mama mwenye duka aliniambia.

Nilikaa pembeni nikamtazama mama mwenyewe akiuza. Aligusa kitufe cha "Uza". Mtandao ulikuwa mzito, kioo kikabaki vilevile. Akagusa tena. Programu ikaandika mauzo mawili.

Mguso wa pili una historia ndefu. Mwaka 1983 Apple ilitoa kompyuta ya Lisa, yenye kipanya cha kitufe kimoja. Kubofya mara moja kulichagua faili, mara mbili kulilifungua. Mwaka 2007 iPhone ikauleta mtindo huo kwenye kioo. Kurasa nyingi za intaneti ziliandikwa kwa skrini kubwa, hivyo kuzigusa mara mbili kulizikuza. Ugumu ukazaliwa hapo: mguso wa kwanza kati ya miwili hautofautiani na mguso mmoja. Ili simu ijue umegusa mara moja tu, lazima ingoje kidole kisirudi. Ilingoja takriban milisekunde 300, karibu theluthi ya sekunde, na watumiaji wakaona simu zinasuasua. Mwaka 2014 Chrome ya Android iliacha kungoja kwenye kurasa zilizotengenezwa kwa upana wa simu. Safari ya iPhone ikafuata mwaka 2016.

Kungoja huko kusingenisaidia. Mama alirudisha kidole baada ya sekunde mbili nzima. Tena, kwa wahandisi wale mguso wa pili ulikuwa neno jipya; kwake lilikuwa neno lilelile. Sisi watu wa pwani tunapiga hodi, tunangoja. Pakiwa kimya tunapiga tena. Hodi ya pili haiombi mlango mwingine. Inasema tu, hamjanisikia.

Basi nikakifundisha kitufe kuitika: kikiguswa kinabadilika rangi papo hapo, kinaandika "Inahifadhiwa", na hakipokei mguso mwingine mpaka mauzo yaingie.

Kisha nikamwambia mama, mbele ya kijana, kwamba kosa lilikuwa langu. Kijana hakunijibu. Aliendelea kukunja vitenge.