Kutoka Akron Hadi Maili Moja

Jumamosi moja nilimsindikiza kaka yangu kwenye mkutano wa watu walioacha ulevi, hapa Maili Moja, Kibaha. Nilikwenda na daftari. Mimi ni mwandishi mchanga, nikaona riwaya imejileta yenyewe. Mzee aliyekaa mlangoni akalitazama lile daftari, akaniambia kwa upole, "Kijana wangu, hilo liache nje. Yanayosemwa humu hubaki humu." Nikaliacha. Basi ya mle ndani sitayaandika. Nitaandika mkutano wa namna ile ulikotoka, maana hiyo ni historia, siyo siri ya mtu.

Kaka anakaa Kisarawe. Kule Uzaramo pombe haikuletwa na Mzungu. Mgema alipanda mnazi asubuhi na jioni, akateremka na kibuyu. Tembo likiwa jipya ni tamu, likilala linakuwa kali, likizidi kukaa linageuka siki. Kwa hiyo lilinywewa upesi, tena na watu wengi pamoja. Sisemi kwamba watu hawakulewa. Walilewa chakari! Lakini tembo hulifichi uvunguni mwezi mzima. Chupa ya gongo unaificha. Kaka alianza na lile, akaishia kwenye hii.

Wakubwa nao walikuwa na lao. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, yakakubaliana kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919, kwa mkataba wa Saint-Germain, wakarudia tena. Mzungu aliendelea na wiski yake barazani, aliyezuiwa ni Mwafrika. Tulipojitawala tukatunga zetu. Sheria ya mwaka 1966 ilihusu moshi, yaani gongo hiyo hiyo, na kuipika bila leseni ni kosa. Ya mwaka 1968 ilipanga leseni za vileo na saa za kuuza. Tarehe 1 Machi 2017 viroba vikapigwa marufuku. Zote hizo zinauliza nani auze, nani anywe, na saa ngapi. Yule aliyekwisha kushindwa kuacha aliachiwa mama yake, shehe wake au padri wake. Akichanganyikiwa kabisa, alipelekwa Mirembe, Dodoma.

Sasa tuvuke bahari. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa Akron, mji wa Ohio huko Marekani. Alikuwa hajanywa kwa miezi mitano hivi. Dili lake likaharibika, akabaki peke yake hotelini, baa inamwita. Badala ya kwenda baa akashika simu, akaanza kuwapigia watu wa dini, akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Siyo daktari wa kumtibu, bali mlevi! Akapatikana mmoja, na kwa bahati alikuwa daktari wa upasuaji, Bob Smith. Huyu alikuja tarehe 12 Mei akiwa amepanga kukaa dakika kumi na tano tu. Wakazungumza zaidi ya saa sita. Wasidhani watu kwamba aliacha siku ile ile. Alikwenda safarini kwenye mkutano wa madaktari, akalewa tena. Kinywaji chake cha mwisho kilikuwa tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo Alcoholics Anonymous wanaihesabu kuwa ya kuzaliwa kwao. Kitabu chao kikatoka mwaka 1939.

Mwaka 1953, huko California, watu wa madawa ya kulevya waliazima hatua zile kumi na mbili, wakaanzisha Narcotics Anonymous. Na kwetu Pwani njia hiyo ilishika mizizi kupitia mlango huo wa pili, siyo wa kwanza. Zanzibar, iliyokuwa imeumizwa na unga, ilifungua soba hausi mwaka 2009, na mikutano ikawa ndiyo dawa yenyewe. Baadaye Bagamoyo, mkoa wetu huu huu wa Pwani, nayo ikapata nyumba ya namna hiyo.

Hapo ndipo ugomvi wangu na kaka ulipoanza. Kwenye zahanati moja tuliambiwa "aache tu", kana kwamba hajawahi kufikiria. Kondakta mmoja wa daladala, aliyewahi kukaa soba hausi, ndiye aliyetuelekeza Maili Moja. Kaka akang'aka: "Mimi si teja! Mimi napiga maji tu." Wiki tatu nzima nilibishana naye. Nilimsimulia habari za yule daktari wa Akron, hasa ile ya kulewa tena. Akauliza, "Daktari kabisa?" Jumamosi iliyofuata akavaa shati.

Alitoka mkutanoni kimya. Stendi akaniomba nauli ya Jumamosi nyingine. Toka Kisarawe hadi Kibaha anapitia Pugu, kisha Gongo la Mboto (jina lenyewe hilo!), na hapo kijiwe chake cha zamani kipo palepale. Nikamhesabia nauli ya kuja na kurudi, kamili, bila kuzidisha hata shilingi mia. Akaihesabu, akacheka.

"Huniamini, eeh?"

"Bado, kaka."

"Na mimi bado," akasema, akapanda gari.