Shauri na Kura katika Parokia: Habari za Walei, pamoja na Mfano wa Pemba

Msomaji aliyepata kukaa Pemba ajua ya kuwa nyumba nyingi zina baraza mbele ya mlango, na ya kuwa jambo la mji halikatwi mpaka limezungumzwa hapo. Kwa sababu hiyo neno baraza lina maana mbili, yaani mahali pa kukaa nje ya nyumba, na mkutano wa wenye kushauriana. Katika makala haya twapenda kuuliza: je, parokia nayo yafaa iwe na baraza? Na ikiwa nayo, neno la mlei lina uzito gani?

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Parokia asili yake ni Kiyunani, nayo maana yake ya kwanza ni kukaa ugenini. Mlei latokana na neno la Kiyunani la watu, yaani taifa la Mungu. Kwa hiyo si jina la dharau, kana kwamba mlei ni mtu asiyejua kitu. Neno kura zamani lilikuwa na maana ya kubahatisha, kama Mathia alivyopatikana kwa kupigiwa kura. Lakini katika kitabu kile kile cha Matendo twasoma habari za wale saba: mkutano wa waamini uliwachagua, kisha Mitume wakawawekea mikono. Uchaguzi ulikuwa wa watu, na kuwekwa katika kazi kulikuwa kwa Mitume. Wala jambo hili halikulibatilisha lile.

Maana ile ya ugenini yaelekea sana hali ya Pemba. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikatangulia kwa karafuu. Watu wa bara wakaja kufanya kazi mashambani, na hata leo Wakristo wengi wa kisiwa hiki asili yao ni bara. Nao ni wachache sana kati ya jirani zao Waislamu. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, shule za misioni zilitwaliwa na serikali. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule visiwa vikatengwa na Jimbo la Mombasa na Zanzibar, na mwaka 1980 likasimamishwa Jimbo la Zanzibar. Kanisa kuu la askofu liko Unguja mjini, ng'ambo ya bahari. Katika nchi ya namna hii padre hawezi kuwapo kila mahali. Walei wasiposimama, wagonjwa hukosa wa kuwaombea, na watoto hukosa mafundisho.

Wala si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Novemba mwaka 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda, wasirudi mpaka mwaka 1885. Kundi halikutawanyika. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwaongoza waamini wa ikulu. Matia Mulumba Kalemba na Luka Banabakintu waliwakusanya watu Mityana. Mapadre waliporudi walikuta waamini na wakatekumeni wameongezeka.

Mfano wa pili ni Masaka. Mwaka 1939 Yosefu Kiwanuka aliwekwa wakfu kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi katika Kanisa la Kilatini, akakabidhiwa nchi ile pamoja na mapadre wenziwe Waafrika. Yeye aliwapa Wakristo ruhusa kuchagua halmashauri zao katika parokia, na wazazi wakaundiwa vyama vya kuangalia shule. Hayo aliyafanya miaka mingi kabla ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, uliotoa hati yake juu ya utume wa walei mwaka 1965. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki walikutana Nairobi, wakatia mkazo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Mwisho, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema katika kanuni ya 536 ya kuwa halmashauri ya kichungaji ina kura ya ushauri tu, na paroko ndiye msimamizi wake.

Hapo ndipo penye ugumu. Wengine husema: ikiwa kura ni ya ushauri tu, ya nini kukutana? Wengine hujibu: na tuhesabu mikono, wengi washinde. Sisi tumeyaona madhara ya njia zote mbili. Zamani, tulipokuwa tukifundisha bara, tulifanya kazi ya karani katika halmashauri ya parokia moja. Lilitokea shauri la fedha: zinunuliwe bati za kanisa, au kichimbwe kisima karibu na kigango cha mbali? Mikono ikahesabiwa upesi, bati zikashinda kwa watu wawili. Miezi ikapita, na michango ya kigango kile haikuja. Paroko alipokwenda kuuliza, mama mmoja mzee alimjibu, "Baba, bati hatukuzikataa. Ila hapana aliyetuuliza maji twayateka wapi." Halmashauri ikaketi tena, safari hii mchana kutwa, na kina mama wakasema mbele ya wote. Wakapatana kisima kitangulie, na bati zinunuliwe baada ya mavuno. Yote mawili yakatimia.

Kwa hiyo twaona kura ni njema kwa kuwachagua watu, lakini haitoshi kukata neno lililokosa kuzungumzwa. Na kauli ya paroko, ijapokuwa ni ya mwisho kwa sheria, ina nguvu akiwa amesikiliza kwanza. Katika Pemba, ambako waamini wametoka makabila mengi na kila kabila lina desturi yake ya kushauriana, haja hii ni kubwa zaidi. Twawasihi walimu wenzetu: mambo ya mkutano yatangazwe mapema, ili watu wayazungumze nyumbani, kina mama na vijana wapewe nafasi ya kusema, na yaliyoandikwa na karani yasomwe kwa sauti kabla watu hawajaondoka, ili kila mtu ajue ni neno gani lililokatwa, na kwa sababu gani.