Alex Murdaugh: Wakili aliyekula fidia za yatima

Ijumaa ya Machi 3, 2023, katika mji wa Walterboro, jimbo la South Carolina nchini Marekani, Jaji Clifton Newman alimhukumu wakili Richard Alexander Murdaugh vifungo viwili vya maisha, kimoja baada ya kingine, kwa kumuua mkewe Maggie na mwanawe Paul. Kabla kesi haijaanza, jaji huyo alikuwa ameamuru picha ya mzee mmoja iteremshwe kutoka ukutani mwa chumba hicho cha mahakama. Mzee huyo alikuwa babu yake mshtakiwa.

Amri hiyo inaeleza mengi. Picha ilitundikwa pale kwa sababu babu huyo aliendesha mashtaka katika mahakama za eneo lile kwa miaka 46. Kabla yake alikuwepo baba yake, na baada yake akaja mwanawe. Watu wengi duniani wameijua kesi ya Murdaugh kwa damu iliyomwagika kwenye mabanda ya mbwa usiku wa Juni 7, 2021. Lakini kabla ya damu hiyo kulikuwa na miaka mingi ya wizi, na wizi huo uliwezekana kwa sababu sheria ya eneo zima ilikaa mikononi mwa nyumba moja, na hakuna aliyethubutu kuiuliza maswali.

Wazee watatu, cheo kimoja

Ukoo wa Murdaugh ulianza kujenga jina mwaka 1910, pale Randolph Murdaugh alipofungua ofisi ya uwakili katika mji mdogo wa Hampton, kusini mwa jimbo hilo. Mwaka 1920 alichaguliwa kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa mkoa wa kimahakama wa 14, unaojumuisha kaunti tano: Allendale, Beaufort, Colleton, Hampton na Jasper. Katika South Carolina cheo hicho hupatikana kwa kura. Mwenye cheo ndiye huamua nani ashtakiwe, kwa kosa gani, na nani aombewe adhabu ya kifo.

Randolph alifariki mwaka 1940, gari lake lilipogongwa na treni kwenye kivuko cha reli. Mwanawe, Randolph wa pili, aliyejulikana kwa jina la Buster, alirithi kiti hicho mwaka huohuo na kukikalia hadi 1986. Huyu ndiye mwenye picha iliyoteremshwa. Mwaka 1956 serikali ya shirikisho ilimshtaki yeye mwenyewe kwa kuhusishwa na mtandao wa pombe haramu katika kaunti ya Colleton. Aliachiwa huru, na wapiga kura wakaendelea kumchagua. Mwaka 1986 kiti kikaenda kwa mwanawe, Randolph wa tatu, aliyeshika hadi 2006. Kwa zaidi ya miaka 80, mtu aliyezaliwa, kuiba, kushtakiwa na kufungwa katika kaunti hizo tano hakuwahi kumwona mwendesha mashtaka mkuu asiyeitwa Murdaugh.

Wakati huohuo ofisi ya uwakili ya familia ilikua na kuwa kampuni yenye utajiri mkubwa. Kazi yake kuu ilikuwa kudai fidia: watu walioumia barabarani, kazini na relini. Kwa miaka mingi sheria ya jimbo iliwaruhusu wadai kufungua kesi dhidi ya kampuni ya reli katika kaunti ambayo reli zake zinapita, hata kama ajali ilitokea kwingine. Hampton ikawa mahali pa kuogopwa na makampuni makubwa, kwani waliokaa kwenye jopo la kuamua kesi walikuwa majirani na marafiki wa mawakili hao. Kwa maskini wa Hampton, jina la Murdaugh lilikuwa kimbilio: ukiumia, nenda kwao, watakupigania.

Alex alizaliwa mwaka 1968 ndani ya imani hiyo. Hakushika cheo cha mwendesha mashtaka mkuu, lakini alikuwa msaidizi wa kujitolea katika ofisi hiyo na alitembea na beji yake. Mteja aliyeketi mbele yake alimwona mtoto wa mzee fulani na mjukuu wa mzee fulani, kisha akatia saini alipoelekezwa.

Fedha zilivyotoweka

Mtu akishinda kesi ya fidia Marekani, hundi haiendi moja kwa moja mkononi mwake. Huingia kwanza katika akaunti ya amana ya kampuni ya mawakili. Wakili hukata ada yake na gharama za kesi, na kinachobaki ni mali ya mteja. Wenye fidia kubwa mara nyingi hushauriwa waziweke kwa mpango wa malipo ya awamu kupitia kampuni maalumu. Moja ya kampuni hizo iliitwa Forge Consulting, na ilikuwa halali kabisa.

Alex alifungua akaunti yake binafsi katika Bank of America na kuipa jina la Forge. Kisha aliwaagiza wafanyakazi wa ofisi waandike hundi za wateja kwa jina la Forge. Kila aliyeiona hundi alidhani fedha zinakwenda kwenye kampuni ya kutunza fidia, kumbe zilikwenda kwa Alex.

Kabla ya mbinu hiyo alikuwa na nyingine, iliyopitia Palmetto State Bank, benki ya hapohapo Hampton. Mkuu wake, Russell Laffitte, aliteuliwa kuwa msimamizi wa fedha za watoto na wagonjwa wasioweza kujisimamia. Kutoka katika akaunti hizo alimkopesha Alex, naye akilipwa ada ya usimamizi. Miongoni mwa walioibiwa kwa njia mbalimbali alikuwamo kijana kiziwi aliyepooza baada ya ajali ya gari mwaka 2009 na kufariki mwaka 2011. Walikuwamo wasichana wawili waliompoteza mama na kaka katika ajali ya barabarani, na askari polisi wa jimbo aliyeumia akiwa kazini.

La kuumiza zaidi lilitokea nyumbani kwake mwenyewe. Februari 2018, mama aliyeifanyia familia hiyo kazi za ndani kwa zaidi ya miaka 20, na kuwalea watoto wake, alianguka kwenye ngazi za nyumba yao ya mashambani iitwayo Moselle. Alifariki wiki chache baadaye. Alex aliwaambia watoto wa marehemu wamshtaki yeye ili bima ya nyumba iwalipe, na akawatafutia wakili. Hakuwaambia kwamba wakili huyo, Cory Fleming, alikuwa rafiki yake wa karibu. Bima zililipa zaidi ya dola milioni nne. Watoto hawakupata hata senti. Miaka mitano baadaye Alex alikiri katika nyaraka za mahakama kwamba hata maelezo aliyowapa watu wa bima, kwamba mbwa wake ndio waliomwangusha mama huyo, aliyatunga.

Watoto hao walikuwa na msiba, wakamwendea mwenye nyumba ambayo mama yao aliitumikia hadi mwisho, naye akageuza kifo cha mama yao kuwa mtaji.

Mashua, hesabu na usiku wa Juni

Februari 24, 2019, saa za usiku wa manane, mashua ya familia ilijipigiza kwenye daraja karibu na kisiwa cha Parris, kaunti ya Beaufort. Ndani yake walikuwamo vijana sita waliotoka kwenye sherehe. Msichana wa miaka 19 alitupwa majini, na mwili wake ukapatikana baada ya wiki moja. Paul, mtoto mdogo wa Alex, alishtakiwa kwa kuendesha mashua akiwa amelewa na kusababisha kifo.

Familia ya msichana ilimshtaki Alex kudai fidia. Wakili wao aliomba mahakama imlazimishe Alex aonyeshe hesabu zake zote za fedha, na ombi hilo lilipangwa kusikilizwa Juni 10, 2021. Kwa mara ya kwanza mtu wa nje ya nyumba ile angefungua vitabu vyake.

Siku tatu kabla ya tarehe hiyo, asubuhi ya Juni 7, mkuu wa fedha wa kampuni ya mawakili alimfuata Alex ofisini kumuuliza iko wapi ada ya dola 792,000 iliyopaswa kuingia kampuni. Usiku wa siku hiyo, baada ya saa nne, Alex alipiga simu ya dharura akisema amemkuta mkewe na mwanawe wamepigwa risasi Moselle. Maggie alikuwa na miaka 52, Paul miaka 22. Bunduki mbili tofauti zilitumika, na moja ilikuwa ya marisau. Shauri la Juni 10 likaahirishwa. Ofisini, maswali kuhusu ile ada yakasitishwa, kwa kuwa nani angemdai hesabu mtu aliyefiwa na mke na mtoto kwa siku moja?

Njia ya mwongo ni fupi. Mapema Septemba hundi moja iliyoonekana ofisini ilifufua suala la ada, na Septemba 3 wenzake, akiwamo kaka yake mwenyewe, wakamwondoa katika kampuni. Kesho yake alidai amepigwa risasi kando ya barabara na mtu asiyemjua. Baadaye alikiri kwamba alimwomba mtu anayemfahamu amuue, ili mwanawe aliyebaki apate bima ya maisha ya dola milioni 10. Oktoba alikamatwa Florida, alikokuwa akitibiwa uraibu wa dawa za kutuliza maumivu, kwa kosa la kuiba fedha za watoto wa mfanyakazi wake wa ndani. Julai 12, 2022 Mahakama Kuu ya South Carolina ilimfuta uwakili. Siku mbili baadaye alishtakiwa kwa mauaji.

Sauti kwenye simu

Kesi ilichukua wiki sita. Silaha za mauaji hazikupatikana, wala hakukuwa na aliyeshuhudia kwa macho. Mawakili wa utetezi, Dick Harpootlian na Jim Griffin, walisisitiza kwamba baba aliyewapenda watu wake hakuwa na sababu ya kuwaua. Upande wa mashtaka, ukiongozwa na Creighton Waters, ulijibu kwamba sababu ilikuwa kwenye vitabu vya hesabu: mtu aliyekuwa siku chache kutoka kufichuliwa alihitaji huruma na muda. Jaji Newman aliruhusu ushahidi wa wizi usikilizwe.

Kilichomfunga zaidi ni video fupi. Paul alirekodi mbwa wa rafiki yake kwenye mabanda saa mbili na dakika 44 usiku, dakika chache kabla simu yake haijanyamaza moja kwa moja. Nyuma ya sauti za mbwa inasikika sauti ya baba yake. Kwa zaidi ya mwaka mzima Alex alikuwa amewaambia polisi kwamba hakufika mabandani usiku ule. Shahidi baada ya shahidi aliitambua sauti hiyo. Alipopanda kizimbani, Alex alikubali kwamba alikuwepo na kwamba alidanganya, akilaumu dawa alizokuwa akitumia. Mauaji aliyakana, na ameendelea kuyakana. Machi 2, jopo la raia 12 lilichukua chini ya saa tatu kumtia hatiani.

Akitoa hukumu, Jaji Newman alimkumbusha kwamba katika chumba hicho familia yake iliendesha mashtaka kwa karne nzima, na kwamba wengi walihukumiwa kifo, pengine kwa makosa madogo kuliko yake.

Rufaa ya mauaji ilifuata, na sababu yake kubwa ilikuwa madai kwamba karani wa mahakama, Rebecca Hill, alizungumza na wanajopo ili kuwashawishi. Januari 2024 Jaji Jean Toal aliona karani huyo si wa kuaminika kikamilifu, lakini akakataa kuamuru kesi mpya. Agosti mwaka huo Mahakama Kuu ya jimbo ilikubali kulisikiliza suala hilo.

Wizi hauna rufaa ya namna hiyo, kwani aliukiri mwenyewe. Novemba 2023 alifungwa miaka 27 na mahakama ya jimbo. Aprili 1, 2024 Jaji wa shirikisho Richard Gergel alimpa miaka 40, zaidi ya ile ambayo waendesha mashtaka wenyewe waliiomba, kwa sababu aliwaibia watu wanyonge kuliko wote. Fleming alifungwa, na Laffitte pia alitiwa hatiani. Kampuni ya mawakili ilikwishaondoa jina la Murdaugh mlangoni Januari 2022.

Hatuna haki ya kusema kwamba uovu wa Alex ulitoka kwa wazee wake. Ila tunaweza kusema kwamba heshima yao ilimpa kivuli cha kujificha. Mkuu wa benki, wafanyakazi wa ofisi na wakili rafiki, kila mmoja alipitisha karatasi ambayo angeihoji kama ingeletwa na mtu mwingine. Watoto wa mfanyakazi wa ndani walipata haki yao pale walipomwendea wakili mwingine, Eric Bland, aliyeuliza swali jepesi: fedha za mama yenu ziko wapi?

Swali hilo ni haki ya kila mdai, popote alipo. Ukiwa na shauri la fidia, la mirathi au la bima, dai nakala ya makubaliano yaliyotiwa saini, ujue kiasi kilicholipwa, tarehe kilipolipwa na akaunti kilimoingia, na utafute wakili wako mwenyewe, asiyechaguliwa na yule unayemdai. Wakili mwaminifu hatachukia kuulizwa. Anayechukia, mwondokee mapema, hata kama babu yake ana picha mahakamani.