Stelingi Alipoanza Kufanana na Adui

Ndani ya chumba cha mazoezi, wawili wanaviziana. Mmoja ni Scott Summers, maarufu kwa jina la Cyclops, ambaye macho yake hufyatua miale ya kubomoa ukuta, inayodhibitiwa na miwani maalumu tu. Mwingine ni Ororo Munroe, yaani Storm. Zamani aliamrisha radi na tufani. Sasa hana hata upepo wa kupeperusha karatasi, kwani nguvu zake zilipokonywa mwaka 1984. Atakayeshinda ndiye kiongozi wa kundi. Storm anajibanza, anasubiri, anamchosha mwenzake. Mwishowe anamvua ile miwani, na ubishi unaishia hapo.

Hilo ni toleo la 201 la jarida la katuni la Uncanny X-Men, la Januari 1986. Halina adui hata mmoja. Watu wawili wema wanagombea kiti, basi.

Waliokulia kwenye vibanda vya video wanaijua kanuni: kuna stelingi, kuna adui, na stelingi hafi. X-Men nao walizaliwa ndani ya kanuni hiyo Septemba 1963, mikononi mwa Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Profesa Charles Xavier, msoma mawazo aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, aliwafunza vijana watano mutanti, watu waliozaliwa na nguvu za ajabu. Magneto, bwana wa sumaku, aliwajia akivamia kambi ya makombora. Mwaka uliofuata akaunda kundi lake na kuliita udugu wa mutanti waovu. Ni mwovu gani mwenye akili timamu anayejitangaza hivyo kwenye jina la chama chake?

Lakini ukirudi kuyasoma matoleo yale leo, anayetia shaka zaidi ni mwalimu. Katika toleo la 2 Xavier anamfuta adui kumbukumbu. Katika la 3 anarudia kwa mwingine. Mwaka 1968 anakufa, wanafunzi wanalia. Mwaka 1970 anarudi mzima: aliyekufa alikuwa mtu mwingine aliyejigeuza sura yake, na siri hiyo aliijua mwanafunzi Jean Grey peke yake. Cyclops, aliyebebeshwa mzigo wa kuongoza wenzake vitani, hakuambiwa kitu. Hadithi inapita kana kwamba ni jambo la kawaida, maana aliyetenda yuko upande wa stelingi.

Mwaka 1975 kundi lilisukwa upya na Len Wein na Dave Cockrum, na humo ndimo alimoingia Storm. Xavier alimfuata Kenya, alikokuwa akiabudiwa kama mungu wa mvua. Baadaye msomaji alielezwa kuwa mama yake, N'Daré, alitoka Kenya, na baba yake alikuwa mpiga picha Mmarekani. Mswahili akiliona jina Ororo atawaza ngozi nyororo. Uongozi wake haukuwa na uororo wowote. Alishika usukani mwaka 1980 Cyclops alipoondoka baada ya kifo cha Jean, na mwaka 1983, yeye aliyekwisha kuapa kutoua, alimchoma kisu kifuani Callisto, kiongozi wa mutanti wa chini ya ardhi, ili kuwaokoa wenzake. Callisto alipona. Storm akatoka pale akiwa kiongozi wa makundi mawili.

Mwandishi wakati huo alikuwa Chris Claremont, aliyelishika jarida hilo tangu 1975 hadi 1991. Yeye ndiye aliyeivunja kanuni ya kibanda cha video. Katika toleo la 150, la mwaka 1981, Magneto anampiga Kitty Pryde, msichana wa Kiyahudi wa miaka 13, na kudhani amemuua. Anaganda. Hapo ndipo msomaji anapojua kuwa Magneto mwenyewe alikulia Auschwitz. Claremont amewahi kumtaja Menachem Begin kuwa ndiye aliyekuwa mawazoni mwake: mpiganaji wa chinichini aliyeishia kuwa waziri mkuu na kupata Nobeli ya Amani. Toleo la 200, la 1985, likampeleka Magneto mahakamani Paris, na Xavier, akiwa taabani, akamkabidhi shule yake.

Jaribio hilo halikudumu. Jarida jipya la X-Men la 1991, lililouza zaidi ya nakala milioni 8, lilimrudisha Magneto kwenye uadui. Claremont aliandika matoleo matatu tu, akaondoka.

Zamu ya Cyclops ikafika. Mwaka 2011, katika hadithi ya Schism, aligombana na mwenzake wa kundi, Wolverine, juu ya watoto kupelekwa vitani. Kilichowasha moto ni Idie, binti wa Nigeria mwenye miaka 14: alimuuliza Cyclops afanye nini na maadui walio mbele yake, akajibiwa afanye anachoona ni lazima. Akaua. Mwaka uliofuata Cyclops, akiwa amejaa nguvu za Phoenix, kiumbe cha anga za mbali, alimuua Xavier mwenyewe. Kwa mizani ya 1963, huyo ni adui bila mjadala. Mashabiki wengi hawakukubali, na ubishi wa kama alikuwa na haki haujaisha.

Machi 2024 katuni ya televisheni X-Men '97 ililifungua tena faili lile lile la Claremont. Cyclops anataka kuondoka akalee mtoto. Magneto anaingia na wasia wa Xavier unaompa shule. Anafikishwa mbele ya majaji, na risasi iliyomlenga yeye inampata Storm, inamwacha bila radi wala mvua.